Naomba ushauri: dishi la desibeli ngapi kwa linki ya kilomita 18 kuvuka bahari?

PwaniKusini: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbagala. Nataka kupeleka intaneti kisiwani, kilomita 18 kutoka paa la ghorofa sita lililopo pwani. Njia nzima ni maji. Kule kuna zahanati, shule na nyumba kama 60. Redio ni za gigahezi 5.8. Nichukue dishi la 30 au la 34? Nina siku chache tu za kuamua.

FundiMnara: Mkuu, 30 kila upande inatosha na kubaki. Kilomita 18 kwa masafa hayo, njia inakula desibeli 133. Redio ikitoa 24, jumlisha 30 na 30, unapokea karibu -49 (namba ikikaribia sifuri, ndivyo nguvu inavyozidi). Kinachoua linki za baharini ni kimo. Katikati ya njia mbinuko wa dunia ni karibu mita 5, na duara la Fresnel, yaani nafasi ambayo mawimbi yanaihitaji kuzunguka mstari wa njia, lina mita 15 kutoka katikati hadi ukingoni, ambapo asilimia 60 lazima iwe wazi. Hesabu mita 14 juu ya maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) yakiwa yamejaa. Antena zinakaa kimo gani?

JuaLaSaaSita: Umeme je? Redio wati 8, ruta na swichi wati 10, kwa saa 24 ni wati-saa 432. Betri ya asidi ya volti 12 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo siku mbili za mawingu zinataka saa-ampea (Ah) 150. Paneli isipungue wati 150. Na uoshe kioo cha paneli, chumvi inaganda.

MamaSheria: Kabla ya betri, leseni. Ukiuza intaneti hata kwa nyumba tano, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakuhusu. Nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema, mwanangu. Zahanati isije ikazimiwa mtandao kwa sababu ya karatasi.

PwaniKusini: Leseni nashughulikia, mama. Kimo hakina shida. Naomba mnijibu 30 au 34.

FundiMnara: "Hakina shida" si kipimo. Umeshafunga?

PwaniKusini: Ndiyo, wiki ya tatu sasa. Huku bara dishi lipo mita 35 juu ya bahari, kule lipo mita 20, juu ya mnazi. Inakatika mara mbili kwa siku. Aliyefunga anasema madishi haya ya 30 ni madogo, na nimeshatanguliza nusu ya bei ya mawili ya 34. Mnazi msiubeze, ule umesimama miaka yote na kusi inaupiga.

Kupwa_na_Kujaa: Hii ni chai. Jana "nataka kupeleka", leo wiki ya tatu. Tena upepo hauna ratiba ya mara mbili kwa siku. Kama linki ipo, weka saa za kukatika na usomaji wa redio.

PwaniKusini: Sina sababu ya kudanganya, niliona aibu kusema nimeshafunga. Kawaida inasoma -61. Jumatano saa 3:25 asubuhi ilishuka hadi -79. Alhamisi saa 4:05 ikafika -84. Ijumaa saa 4:45 ilikata kabisa dakika 40. Usiku inarudia saa zilezile, imechelewa kidogo.

Kupwa_na_Kujaa: Nimelinganisha na jedwali la maji. Hizo ni saa za kupwa, na Alhamisi ilikuwa mwezi mpevu. Naondoa neno langu, kaka. Wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, inakata?

PwaniKusini: Wiki iliyopita haikukata hata mara moja.

FundiMnara: Basi ni bahari inayoakisi. Wimbi moja linakuja moja kwa moja, jingine linagonga maji na kufika likiwa limegeuka. Maji yakipwa sana, kwa vimo vyako, tofauti ya njia hizo mbili inafika sentimita 5, urefu mzima wa wimbi la 5.8, na mawili yanafutana. Dishi la 34 halikuokoi: mawimbi hayo yamepishana chini ya nusu nyuzi, dishi linayaona yote. Dawa ni kushusha upande wa kisiwani, kutoka mita 20 hadi 15 juu ya bahari. Tofauti inabaki karibu sentimita 4 maji yakipwa na 2 yakijaa, na hapo yanasaidiana. Kimo bado kinatosha, mradi mbele pasiwe na minazi.

Na zile desibeli 12 zilizopotea kati ya -49 na -61 huenda ni ulengaji. Mwale wa dishi la 30 una nyuzi 5 hivi, wa 34 una 3. Mnazi ukiyumba, hilo kubwa litakutesa zaidi.

JuaLaSaaSita: Achana na mnazi, simamisha nguzo: bomba la mabati inchi 2, mita 10, zege chini, waya tatu za kuvuta kwa ngazi mbili. Viungio vyote zungushia mkanda wa mpira unaojigandisha, halafu mkanda wa kawaida juu yake. Kebo iwe shaba tupu, isiwe alumini iliyopakwa shaba.

PwaniKusini: Ardhi pale ina mita 5, bomba la 10 linatimiza 15. Madishi nimepiga simu, hayajatoka dukani. Kesho asubuhi nipo Kariakoo kwa mabomba, nguzo isimame kabla ya bamvua ya mwezi mwandamo. Nitaweka usomaji wa saa za kupwa hapahapa.