Nyumba yangu iko karibu na uwanja wa mashindano: niwaachie wageni nyumba nzima, au niwapokee chumba kimoja huku nikiwamo?

JiraniWaUwanja:

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya waliowahi kupitia jambo hili, maana siku zinakaribia na usingizi umeanza kunipaa.

Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Nikitoka mlangoni kwa miguu, dakika kumi na tano niko kwenye lango la uwanja utakaochezewa mechi tano za mashindano ya mpira, nne za makundi na moja ya mtoano. Naishi na binti yangu, ambaye mwaka huu ana mtihani. Chumba cha tatu kilikuwa cha mama. Tangu atutoke kina kitanda chake, cherehani yake, na kabati ambalo sijawahi kulifungua. Uani kuna chumba kingine chenye mlango na bafu lake, anakaa mpangaji wangu, muuguzi, huu ni mwaka wa nne. Hajawahi kunichelewesha kodi hata mwezi mmoja.

Wiki iliyopita alinijia bwana mmoja anayesimamia nyumba za kukodisha kwa wageni. Alizunguka, akapiga picha, akakaa sebuleni akanipigia hesabu. Anataka tuhame wiki tatu, mimi na binti twende kwa ndugu, mpangaji nimwambie atafute pa kujishikiza, kisha nimkabidhi funguo zote. Hesabu yake ilinitoa jasho. Paa la upande wa jikoni linavuja na kila msimu wa mvua nahamisha ndoo. Kwa hela ile ningelimaliza kabisa, na chenji ingebaki.

Lakini alipoondoka nilikwenda uani kuanua nguo, nikamkuta mpangaji anatoka zamu ya usiku, viatu mkononi asituamshe. Sikuweza kumwambia kitu.

Kwa hiyo nimewaza njia ya pili: tubaki humu humu, nifungue chumba cha mama, nipokee wageni wawili kwa wakati mmoja. Sijui kama inalipa. Sijui mashabiki wanataka nini hasa, kama watakubali kukaa na mwenye nyumba, kama binti atasoma. Na huyu bwana ananisukuma niamue wiki hii, anasema nikichelewa vyumba vyote vitakuwa vimeshachukuliwa kwingine. Ni kweli?

MwenyejiMzoefu:

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Nimepokea wageni kwenye mashindano matatu, mara moja nikiwa nimewaachia nyumba nzima na mara mbili nikiwa nimebaki ndani. Nitakwambia nilivyoona.

Kwanza hiyo hesabu aliyokupigia. Muulize amejaza usiku ngapi. Wengi huchukua bei ya usiku wa mechi kubwa wakaizidisha kwa siku zote za mashindano, wakati shabiki wa mpira hakai wiki tatu mahali pamoja. Anafuata timu yake. Anaingia siku moja kabla ya mechi, analala usiku mbili au tatu, anaondoka kwenda mji mwingine. Mechi tano hazikupi siku ishirini na moja, zinakupa labda usiku kumi hadi kumi na tatu wenye watu kweli. Olimpiki ni tofauti kidogo, kule mgeni hukaa zaidi kwa sababu michezo mingi iko mji mmoja.

Halafu kumbuka kwamba wazo lako, majirani zako wote wanalo. Paris mwaka 2024 kabla ya Olimpiki watu wengi waliweka nyumba zao mtandaoni kwa bei za juu mno, vyumba vikazidi wageni, na kadiri Julai ilivyokaribia wengi wakalazimika kushusha bei. Tokyo ilikuwa ngumu zaidi. Michezo ikasogezwa kutoka 2020 hadi 2021, na Machi 2021 ikatangazwa kwamba mashabiki wa kutoka nje ya Japani hawataruhusiwa kuingia. Aliyekuwa ameshamtoa mpangaji wake kwa ajili ya wageni wale, fikiria alibaki na nini.

Kuhusu kuharakishwa: mechi za makundi zikishapangwa kwenye droo, mashabiki wa timu husika huanza kutafuta malazi, hizo usichelewe kuzitangaza. Ile ya mtoano ni habari nyingine. Hakuna anayejua nani atafika, kwa hiyo nafasi hujazwa siku chache kabla, na timu ikitolewa watu hughairi. Andika masharti ya kughairi mapema, kwa maneno yasiyo na utata. Mimi mara ya kwanza sikuandika. Wageni wanne walighairi usiku ule ule timu yao ilipofungwa kwa penalti, na chumba kikalala kitupu.

Sasa kubaki ndani. Mashabiki wanakubali, tena wapo wanaopenda hasa, mradi tangazo liseme wazi kwamba mwenye nyumba yumo. Wanachotaka ni kidogo kuliko unavyodhani: kitanda safi, bafu lenye maji, sehemu ya kuchaji simu (tiketi zao ziko humo), na mtu wa kuwaambia wapite njia gani. Hilo la mwisho ndilo linalokupa sifa njema. Siku ya mechi barabara za karibu na uwanja hufungwa kwa magari. Mgeni anayefika saa tatu kabla ya mechi na begi kubwa atashushwa mbali na ataburuza begi lake katikati ya umati. Mwambie aje jana yake, au kabla barabara hazijafungwa. Na viwanja vingi haviruhusu mabegi makubwa kuingia, kwa hiyo anayeondoka siku hiyo hiyo ya mechi atakuomba begi libaki kwako. Tenga kona kabisa.

Binti yako: mechi za usiku ndizo zitamsumbua. Ile ya mtoano ikienda dakika 30 za nyongeza na penalti, wageni wanarudi usiku wa manane, na kama wameshinda wanarudi wakiimba. Mpe chumba kilicho mbali na mlango wa mbele. Usiku wa mechi kubwa, mimi ningempeleka kwa rafiki yake akalale huko.

Piga picha za kila chumba kabla hajaingia mtu. Ipigie simu kampuni yako ya bima kabla ya yote, maana bima nyingi za nyumba hazigusi hasara ikiwa ulikuwa unapokea wageni wa kulipa bila kuwaarifu. Na hesabu vichwa: ukisema wawili ni wawili, hata wakija na mashuka yao.

NilihamishwaMimi:

Sijawahi kupokea mgeni, mimi nilikuwa upande wa huyo muuguzi.

Mwenye nyumba aliniomba nipishe mwezi mmoja kwa ajili ya mashindano. Aliniomba kwa upole, na alinirudishia kodi ya mwezi huo. Nililala kwa marafiki watatu tofauti, vitu vyangu vikiwa kwenye mifuko. Niliporudi, kitasa kilikuwa kimebadilishwa, godoro lilikuwa jingine, na nikaambiwa kodi imepanda kwa sababu chumba sasa kimethibitika kuwa na thamani. Baada ya miezi miwili nilihama, na yeye alikaa muda mrefu bila mpangaji. Wageni walikuwa wamekwisha kwenda makwao.

Huyo wa kwako anafanya zamu za usiku, maana yake analala mchana. Hata usipomhamisha, mchana wa siku ya mechi uani kutakuwa na kelele. Mwambie mapema, mpe ratiba ya mechi zote tano, aombe zamu zake kulingana na hiyo. Mimi lau ningepewa ratiba tu, ningejipanga.

SheriaKwanza:

Dada, kabla ya picha na bei, nenda ofisi ya mji wenu ukaulize mambo matatu: kama unahitaji namba ya usajili, kama kuna ukomo wa siku kwa mwaka, na kama mwenye nyumba anatakiwa awepo. Miji haifanani hata kidogo. Paris wakati wa Olimpiki ya 2024, mtu aliruhusiwa kukodisha makazi yake makuu siku 120 kwa mwaka, na tangazo lilitakiwa kubeba namba ya usajili. Tangu 2025 siku hizo zimeshushwa hadi 90. London ni usiku 90. Japani sheria ya 2018 iliweka siku 180. New York tangu Septemba 2023, kwa ukodishaji wa chini ya siku 30, lazima mwenyeji awe anaishi humo wakati wageni wapo, na wageni wasizidi wawili. Yaani njia yako ya pili ndiyo inayoruhusiwa kule, na ile ya bwana wa hesabu hairuhusiwi.

Na kodi ya mapato pia. Marekani kuna kipengele ambacho watu hukiita kwa jina la Augusta, mji wa mashindano ya gofu ya kila Aprili ambako wenyeji huwaachia wageni nyumba zao: ukikodisha makazi yako siku zisizozidi 14 kwa mwaka, mapato hayo hayakatwi kodi ya serikali kuu. Usidhani kwenu ni hivyo hivyo. Uliza, na upewe jibu kwa maandishi.

JiraniWaUwanja:

Nawashukuru kutoka moyoni. Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikimsomea binti yangu.

Nimempigia yule bwana nikamwambia hapana. Nilimuuliza amejaza usiku ngapi, akasema ishirini na moja.

NilihamishwaMimi, nilichapa ratiba jana nikaipeleka uani. Muuguzi wangu aliisoma akiwa amesimama, akaniambia mechi mbili zitaangukia siku zake za mapumziko na angependa kunisaidia kuwaelekeza wageni langoni. Kumbe alishasikia kwa majirani habari ya yule mpiga picha, na alikuwa anangoja nimwambie ahame. Niliona haya.

Ofisi ya mji nakwenda Jumatatu, kisha bima. Paa litasubiri. Wakiniruhusu, nitachukua wawili wawili kwa mechi nne za makundi tu, ile ya mtoano naiacha kwa sababu binti ana mtihani asubuhi yake.

Leo mchana tumefungua kabati la mama. Ndani yake mlikuwa na vitambaa alivyokata akaviacha bila kuvishona. Cherehani tumeihamishia chumbani kwangu. MwenyejiMzoefu, swali moja limebaki: kitanda ni kimoja, kipana. Wageni wawili wasio mume na mke, kwa mfano ndugu au marafiki, wanakubali kulala kitanda kimoja au nitafute viwili vidogo?

MwenyejiMzoefu:

Tafuta viwili vidogo, dada. Ukivisogeza pamoja vinakuwa kimoja kipana, lakini hicho kipana huwezi kukikata.