Laptopu kwenye TV: kebo ya HDMI, USB-C au bila waya?

Mwandishi_Usiku
Wadau, habari. Nina TV ya 4K ya inchi 43, na laptopu ya Windows yenye tundu moja la HDMI na mawili ya USB-C. Nataka TV iwe skrini ya pili: mchana kazi ya maandishi na majedwali marefu, usiku filamu. Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja ananiambia nichomeke HDMI nimalize, mwingine anasifia USB-C, wa tatu anasema waya umepitwa na wakati, nirushe tu kwa Miracast, njia ya kutuma skrini hewani. Wenye uzoefu naomba mnilinganishie.

Fundi_Nyaya
Mkuu, kwa maandishi usijisumbue, HDMI. Picha na sauti vinapita kwenye kebo moja, hakuna cha kusakinisha, na kishale kinafuata mkono wako.

Ila chunguza toleo la HDMI la laptopu, si la TV peke yake. HDMI 1.4 kwa picha ya 4K inaishia hezi 30, yaani picha hubadilika mara 30 kwa sekunde. HDMI 2.0, iliyotoka 2013, ndiyo inayofika 60. Kwenye filamu tofauti huioni, maana nyingi zina fremu 24 kwa sekunde. Kwenye kazi utaiona hapohapo: ukiburuta dirisha linakwenda kwa kurukaruka. Ukikuta lako ni 1.4, shusha picha hadi 1080p (yenye nukta chache kuliko 4K) upate hezi 60, au ndipo uifikirie hiyo USB-C.

Kebo nayo iwe fupi. Mita mbili haina neno. Ukivuka mita tano kwa 4K ya hezi 60, kebo ya kawaida huanza kuleta vidoadoa, au TV inakuwa nyeusi kidogo halafu inarudi. Ukiona hivyo shuku kebo kabla hujaanza kufungua laptopu.

Bi_Kipanya
USB-C umeipita mbio, Fundi. Ina mtego wake: tundu ni la umbo moja lakini kazi si moja. Mengine ni ya chaji na data tu, hayatoi picha hata uchomeke adapta ya dhahabu. Linalotoa picha lina uwezo uitwao DisplayPort Alt Mode. Tazama pembeni ya tundu: herufi D na P zilizoshikana, au alama ya radi ya Thunderbolt, ni dalili nzuri. Wapo watengenezaji wasioweka alama yoyote, hapo tafuta maelezo ya modeli yako kwa namba yake.

Halafu kuna hili: adapta nazo zina kikomo. Nyingi za USB-C kwenda HDMI zinaishia 4K ya hezi 30. Mtu anakimbia HDMI 1.4, ananunua adapta, anarudi palepale alipotoka. Hakikisha imeandikwa 4K 60.

Faida ya USB-C ni pale unapotumia kituo kidogo (dock, kisanduku cha matundu mengi) chenye tundu la chaji pia. Unachomeka kebo moja, laptopu inapata umeme, TV inapata picha, keibodi na kipanya navyo vimo.

rimoti_imepotea
Mimi ni wa bila waya na sioni haya. Kitufe cha Windows pamoja na K, jina la TV linatokea, bonyeza, kwisha habari. Miracast haihitaji hata ruta, vifaa vinaongea vyenyewe kwa Wi-Fi. Wa Mac wana AirPlay. Kuonyesha picha za familia au slaidi, nani ataanza kutambaa nyuma ya TV kutafuta tundu?

Fundi_Nyaya
Kwa slaidi sikubishii. Lakini laptopu lazima ibane kila fremu, iirushe, TV nayo iifungue. Huo ucheleweshaji kwenye video hauudhi kwa kuwa sauti nayo inachelewa. Kwenye kuandika unaudhi: kidole kimeshabonyeza, herufi iko njiani. Na jirani zako wote wakiwasha Wi-Fi jioni, picha inaanza kuganda.

Bi_Kipanya
Niongeze kwenye filamu. Huduma nyingi za kulipia zinalinda picha kwa HDCP, kinga ya kuzuia kunakili, hivyo ukirusha skrini nzima unaweza kusikia sauti huku TV ikiwa nyeusi. Kama huduma ina programu yake ndani ya TV, tumia hiyo, laptopu ipumzike.

Mwandishi_Usiku
Asanteni sana. Nimechomeka HDMI, imetoa 4K ya hezi 60. Lakini: (1) kingo za picha zimekatwa, upau wa chini wa Windows unaonekana nusu, (2) herufi zina ukungu, hasa nyekundu, (3) sauti inatoka bado kwenye laptopu.

Kibao_cha_Nne
La tatu ni jepesi: bofya alama ya spika pale chini, chagua jina la TV.

La kwanza ni urithi wa TV za zamani za kioo kinene, zilizokuwa zikikuza picha kidogo ili kingo mbovu zisionekane. Kwenye mipangilio ya TV nenda ukubwa wa picha, chagua ile inayoonyesha picha nzima bila kukuza.

La pili ndilo linalowafanya watu waseme TV haifai kwa kazi. Ili kupunguza data, mwanga hutunzwa kwa kila nukta lakini rangi hugawanwa kati ya nukta jirani. Uso wa mtu kwenye filamu hauathiriki, herufi nyembamba yenye rangi inaathirika. Kwenye orodha ya viingilio ya TV, badilisha jina la HDMI unayotumia liwe PC. TV nyingi zikiona hivyo hupokea rangi kamili, 4:4:4. Kisha punguza ule ukali wa picha, unachora vivuli pembeni ya herufi. Kishale kikiwa kizito, washa hali ya michezo.

Pia usikuze maandishi bila sababu. Inchi 43 kwa 4K ni takriban nukta 102 kwa inchi, karibu sawa na monita ya mezani. Ukikaa mezani 100% inasomeka. Ukihamia kwenye kochi, peleka 200%.

mgeni_kidogo
Samahani kudandia uzi. Laptopu yangu ya zamani ina VGA tu, lile tundu la picha la kizamani. Naweza kutumia tundu la USB la TV?

Fundi_Nyaya
Hapana ndugu, hilo la TV ni la fleshi na diski, halipokei picha ya laptopu. Tafuta kigeuzi cha VGA kwenda HDMI, na soma vizuri upande, kwa sababu cha HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi kinyume. VGA ni ya 1987, haina sauti, kwa hiyo chagua chenye waya wa kuchomeka kwenye tundu la hedifoni na mwingine wa USB wa kukipa umeme.

Mwandishi_Usiku
Kuweka PC kumemaliza kila kitu, hata nyekundu inasomeka. Swali la mwisho: nikifunga kifuniko, laptopu inalala na TV inazima.

Kibao_cha_Nne
Mipangilio ya umeme, kipengele cha kufunga kifuniko, weka isifanye chochote ikiwa kwenye chaji. Kisha kitufe cha Windows na P, chaguo la nne, picha ibaki kwenye TV peke yake. Hakikisha tu haikai juu ya godoro, kuna modeli zinazopumulia kwa chini.