Valvu ya mitrali iliyorekebishwa hudumu miaka mingapi?

Kaka wa Kilosa (swali)
Habari zenu wote. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 23, ana valvu ya mitrali (mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) inayovujisha damu kutokana na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni. Madaktari wanasema watairekebisha badala ya kuweka ya chuma, iwapo hali yake itaruhusu. Nimesoma kwamba valvu iliyorekebishwa hudumu maisha yote, ilhali jirani yetu alipasuliwa tena baada ya miaka 7. Nishike lipi?

Daktari Mstaafu
Ndugu, yote mawili ni kweli, ila yanahusu magonjwa mawili. Takwimu nzuri unazozisoma aghalabu ni za wagonjwa wa Ulaya na Marekani ambao valvu zao zimelegea kwa uchakavu. Miongoni mwa wagonjwa wa aina hiyo waliopasuliwa na Alain Carpentier na wenzake huko Paris, takriban asilimia 97 ya wenye kasoro kwenye jani la nyuma pekee (valvu hii ina majani mawili yanayofunguka na kufumba) hawakuhitaji upasuaji wa pili kwa miaka 20. Timu hiyohiyo ilitoa mwaka 2001 matokeo ya wagonjwa 951 wa baridi yabisi: waliokwepa upasuaji wa pili walikuwa asilimia 82 baada ya miaka 10, na 55 baada ya miaka 20. Mshono unaweza kuwa mzuri kabisa, lakini ugonjwa huu huendelea kuyakaza majani ya valvu na kuzifupisha kamba zinazoyashikilia. Isitoshe, kutopasuliwa tena si sawa na kutovuja. Wapo wanaovuja tena bila kurudishwa mezani.

Hata hivyo, kwa binti wa miaka 23 ningechagua kurekebisha. Valvu ya chuma humfunga mtu kwa wafarini (dawa ya kuzuia damu isigande) maisha yake yote, pamoja na kupima damu mara kwa mara, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo.

Mama Wawili
Kaka, mimi nilirekebishwa miaka 9 iliyopita. Wafarini nilitumia miezi mitatu tu, kisha nikajifungua mara mbili. Kosa langu lilikuwa kuacha sindano za penisilini za kila wiki nne kwa sababu zinauma (anayezijua anaelewa) na kwa sababu nilijiona nimepona. Homa ilinirudia, na kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kikaonyesha kwamba uvujaji uliokuwa mdogo sasa ni wa wastani. Mdogo wako asizikose, na meno yake yatunzwe.

Kaka wa Kilosa
Nawashukuru sana. Je, wakifungua moyo wakakuta haitengenezeki?

Daktari Mstaafu
Hapo wataibadilisha palepale, ndiyo maana fomu ya ridhaa kwa kawaida hutaja upasuaji wa aina zote mbili. Baada ya kushona, daktari hujaza maji kwenye chumba cha chini cha moyo aone kama majani yanafumba, na moyo ukianza kupiga hupimwa kwa eko inayopitishwa kwenye umio. Ikivuja sana, ni afadhali ibadilishwe siku hiyohiyo. Kabla hajaingia, mwulizeni mpasuaji ni valvu ngapi za baridi yabisi anazorekebisha kwa mwaka, na kama wakilazimika kubadilisha, wataweka ya chuma au ya tishu (ya mnyama). Uamuzi huo binti aufanye mwenyewe akiwa macho.