Tupeane uzoefu: mabibi wa Kichina tulioishi nao huku ughaibuni

Msafiri wa Pangani
Wakuu, Jumamosi tumemzika mama mwenye nyumba wangu hapa San Francisco. Makaburi yako Colma, mji wa jirani. Kila mtu kapewa kibahasha cheupe, ndani peremende na sarafu. Nikaambiwa peremende niile kabisa, nisifike nayo nyumbani. Angekuwepo mwenyewe angenisimamia mpaka niimalize.

Alikuwa na miaka 91, mzaliwa wa Toisan, mkoa wa Guangdong, walikotoka Wachina wengi wa zamani wa mji huu. Mumewe alitangulia kuja Marekani. Yeye akabaki kijijini na mama mkwe, baadaye akavuka hadi Hong Kong kusubiri karatasi. Marekani ilianza kuwazuia vibarua wa Kichina 1882. Ilipolegeza 1943, nafasi zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Familia kama yake zilikuja kupata nafuu kwa sheria ya 1965. Alipofika akakaa kwenye cherehani, malipo kwa kila nguo aliyomaliza, na watoto wanne wamesomeshwa kwa cherehani hiyo.

Nimepanga chumba chake cha chini miaka 6. Kiingereza hana, mimi Kichina sina. Koti langu likifumuka kwapani nalitundika ngazini, asubuhi nalikuta limeshonwa.

Leteni na nyinyi. Stori za Wachina wa barabara tuziache, hao tunawajua.

Binti Kisauni
Pole sana kaka. Mimi nko Markham, Kanada. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza mama hakupata viza, nikawa peke yangu na mume wa zamu za usiku. Nyanya wa nyumba ya pili akaja na bakuli: miguu ya nguruwe imepikwa kwa tangawizi na siki nyeusi, ndicho chakula chao cha mzazi. Nikamwambia mkwewe kwa aibu, sisi ni Waislamu hatuli. Nyanya akaondoka kimya, nikajua nimemuudhi.

Kesho yake karudi na mayai yamepikwa kwa tangawizi. Kabla sijafunua akanishika mkono mpaka jikoni kwake, akanionyesha sufuria mpya, kibandiko cha bei bado kiko ubavuni. Akaigonga gonga, akaninyooshea kidole: yako. Nililia wallahi.

Alinilea mwezi mzima, ndiyo desturi yao. Maji baridi marufuku, upepo marufuku, kuosha nywele marufuku! Nikimweleza kwetu ni siku arobaini, mkwewe akatafsiri, nyanya akatikisa kichwa kwa heshima kabisa, kama mtu aliyeshindwa mnada.

Mbeba Boksi
Nalea wazee majumbani, Quincy, Marekani. Wangu alinunuliwa na mwanawe mashine ya kuoshea vyombo. Haijawahi kuwashwa. Anaosha kwa mkono, mle ndani anapanga bakuli zikauke. Kabati la dola mia kadhaa 😂 Na maji anakunywa ya moto tu, hata joto likizidi.

Kaka Mkubwa BK
Tusipambe sana jamani. Niko Brooklyn, New York, mtaa wa Wachina wa 8th Avenue uko pale nyuma. Bibi niliyepanga naye jengo moja alimwacha mumewe Fuzhou, Uchina, kuja kulea wajukuu, maana mwanawe na mkwewe wako mgahawani siku sita kwa wiki. Aliambiwa mwaka mmoja, imefika saba. Mzee akafariki huko. Mazishi kayaangalia kwenye simu, kaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, mtoto mgongoni, wali jikoni. Alipomaliza akaenda kumchukua mkubwa shule. Wote jengoni walimsifu, "bibi ana moyo". Kuna aliyemuuliza kama alitaka? Na mama zetu tunaowakatia tiketi waje kulea nao tuwaulize.

Binti Kisauni
Hapo umenichoma. Mamangu viza imetoka mwezi jana, na mimi nina mimba ya pili.

Msafiri wa Pangani
Mkuu BK, sikubishii. Ila wa kwangu alikuwa na upande wake. Kila Alhamisi aliwaaga watoto anakwenda kliniki, kavaa sweta ya zambarau, pochi kaibana kwapani. Siku moja napita bustani ya Portsmouth Square, mtaa wa Wachina, namwona amekaa kwenye boksi lililokunjuliwa, mabibi watano wamemzunguka, karata mkononi, anacheka mpaka anafuta machozi. Nyumbani sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti. Aliponiona akaweka kidole mdomoni.

Miaka minne nimeitunza siri yake. Jumamosi pale makaburini mjukuu wake mkubwa kanivuta pembeni, anataka kuwapelekea shukrani wale manesi wa Alhamisi waliomhudumia bibi vizuri hivyo. Ilikuwa kliniki ya nini?

Nikamwambia ya miguu.