Mrejesho: vidari vya kuku havikauki tena

Mwezi uliopita niliuliza kwa nini vidari vya kuku ninavyochemsha hutoka vikavu kama makumbi, nanyi mkanijibu kwa ukarimu. Ahsanteni sana, ndugu zangu.

Nilifuata ushauri wa kuvitia katika maji baridi yenye chumvi, tangawizi na thomu, kisha kuyapasha taratibu hadi vipovu vidogo vilipoanza kupanda kutoka chini ya sufuria bila maji kutokota, na hapo nikazima gesi, nikafunika na kuviacha kwa dakika 15. Mara ya kwanza sikufaulu sana, kwa kuwa kidari kimoja nilichonunua Marikiti kilikuwa kinene mno, na nilipokikata katikati nyama ilikuwa bado ya waridi, ikabidi nikirudishe motoni. Mara ya pili nilivipasua kwa ubapa viwe na unene mmoja, nikaazima kipimajoto kwa shemeji yangu anayepika hotelini Nyali, na kiliposoma nyuzi 74 za Selsiasi nikavitoa. Nyama ilichambuka kwa vidole, na maji yake bado yamo.

Ushauri wa kuvilowesha katika maji ya chumvi usiku kucha haukunifaa, maana mavyaa wangu aliomba maji ya kunywa mara mbili kabla ya kumaliza sahani. Huenda chumvi niliizidisha mwenyewe. Jiko la makaa nalo limenishinda, kwani moto wake haupunguki upesi. Supu iliyobaki niliipikia wali.