Kundi la miisho ya sataranji limekuwa makaburi, na mnaoliua ni nyie wabandika picha za kompyuta

Wakuu, leo sisalimii mtu.

Makubaliano ya kundi yalikuwa mepesi. Jumatatu naweka mkao mmoja wa mwisho wa mchezo, kete chache ubaoni. Kila mtu anaumiza kichwa chake mwenyewe. Jumatano tunaanza kubishana, Ijumaa ndipo tunafungua kompyuta tuone nani kapotelea wapi. Siku nne tu! Kumbe kuna watu hata dakika nne hawaziwezi.

Jumatatu iliyopita nimeweka ule utunzi wa Réti, bingwa wa zamani wa sataranji na mtunzi wa mafumbo yake, wa 1921. Mfalme mweupe h8 (herufi ni mstari wa wima, namba ni safu ya mlalo), askari wake c6. Mfalme mweusi a6, askari wake h5. Mweupe anaanza, atafute sare. Ukiutazama unaona msiba mtupu: askari mweusi anatimua mbio kwenda kuwa malkia, mfalme mweupe kachelewa hatua mbili nzima, na askari wake mwenyewe yuko mdomoni mwa mfalme wa adui. Mkao kama huu unalala nao na kuamka nao.

Mgeni mmoja akajitosa: "Mimi naona mfalme aende h7, amfukuze." Amekosea, lakini amefikiri! Nikawa naandika kumuuliza anamfikia vipi. Kabla sijamaliza, mtu kabandika picha ya skrini: "Kg7, sare," yaani mfalme aende g7. Dakika tatu tangu niweke mkao, nimehesabu. Vidole gumba kumi na moja vikafuata. Mgeni akafuta ujumbe wake. Tangu hapo kundi kimya kama mmemwagiwa maji.

Sasa wewe mwenye picha, hebu nijibu: kwa nini g7? Kwa nini mfalme apite kimshazari, g7, f6, e5, wakati askari anayemfukuza yuko mstari wa h? Hujui. Kompyuta haikukuambia, na wewe hukuiuliza. Utamu wote uko hapo: kila hatua ya mshazari inafanya kazi mbili kwa mpigo, inamsogelea askari wa adui na inamsogelea wa kwako. Mweusi akipoteza hatua kumla wa c6, wewe umeshamuwahi wa kwake. Akimkimbiza wa kwake, wewe unafika kumsindikiza wako, naye anakuwa malkia kama wa kwake, sare. Hayo yangetosha mabishano ya wiki nzima. Mmeyaua kwa picha moja.

Tena hamjagundua kitu. Syzygy, hazina ya kompyuta yenye majibu ya miisho, imeshamaliza mikao yote ya kete saba kushuka chini tangu 2018, wafalme wakiwemo. Kutuletea jibu la kete nne ni kunakili majibu ya nyuma ya kitabu cha hesabu halafu usubiri makofi. (Siku ya mashindano, saa imebaki sekunde arobaini, hiyo Syzygy utaificha wapi? Usinijibu.)

Kuna mmoja wenu, simtaji. Alikuwa anajihami kwa ngome dhidi ya ngome na askari, mkao wa Philidor, wa kujihami upate sare, ule ule tuliouweka hapa wiki mbili nyuma na yeye akatia kidole gumba. Kazi ni nyepesi: ngome yako inakaa safu ya tatu kutoka upande wako, mfalme wa adui asivuke. Siku askari wake akikanyaga safu hiyo, ngome inakimbilia mwisho kabisa wa ubao upande wa pili, inampiga shaha kwa nyuma, na mfalme hana tena pa kujificha. Yeye akaitoa ngome askari akiwa bado hajafika, "ili iwe hai zaidi". Mfalme akavuka. Hatua kadhaa mbele ni Lucena hiyo, mkao ambao mwenye askari anashinda: ngome yake inajenga daraja la kumkinga mfalme na shaha, na yeye anatazama. Halafu anarudi kundini kuniuliza eti palikuwa na sare? Ilikuwepo, mkuu. Uliipigia kidole gumba.

Wanaotuma mitego ya ufunguzi na salamu za asubuhi, wameshaambiwa. Wachunguliaji wanaosoma bila kuandika sina ugomvi nao, huenda ndio pekee wanaojifunza.

Jumatatu hii naweka mkao wa Vancura, ngome inayomkaba askari wa pembeni kwa ubavuni. Picha ya skrini ikiingia kabla ya Ijumaa naifuta na aliyeileta namtoa, awe rafiki yangu asiwe.

Na wewe mgeni wa h7, rudisha ule ujumbe wako. Mweusi anajibu h4. Haya, unakwenda wapi?