KiCad ilikutoa jasho wapi ulipoanza? Tupeane uzoefu

Fundi wa Langoni (Lamu)
Salaam wandugu. Kuna kijana kaja dukani hapa Langoni ataka kujifunza kuchora bodi za saketi, nkamwekea KiCad, programu ya kuchorea hizo bodi, kwenye laptopu yake, kesho yake karudi aniambia "ami, mi hii siiwezi". Nikacheka maana na mimi yalinkuta. Nlikua nachora saketi ya kukata betri ya sola ya 12V ikishuka chaji, ya kuweka kwenye mashua, nikamaliza nikabonyeza pale pa kukagua skimatiki (mchoro wa saketi), ikaja era eti mguu wa pawa wa IC, ile chipu, haupati pawa popote. Na waya nauona kwa macho yangu umefika kwenye konekta! Siku tatu nafuta nachora, nafuta nachora, mwisho nikadhani IC yenyewe ndo nimeikosea. Kumbe programu haijui kama moto unaingilia pale kwenye konekta, kwake ile ni miguu mitupu tu, yataka upachike alama inaitwa PWR_FLAG kwenye laini ya pawa na kwenye graundi, basi, era yaondoka. Sasa si era yenyewe ingesema tu "weka PWR_FLAG hapa"? Nataka nimuandikie kijana karatasi moja ya mambo kama haya, kila mtu aseme lililomuangusha.

Mama Bodi (Malindi)
Mie futiprinti, lile umbo la kipuri kwenye bodi yenyewe. Nlijua rezista ni rezista, unaiweka imekwisha. Kumbe ile uliyochora ni alama tu, haina umbo mpaka useme ni ya miguu au ile ndogo ya kubandika, na kama ni ya miguu basi miguu iachane milimita ngapi. Majina yenyewe marefu kama treni. Nikabahatisha, kapasita ikaja na matundu ya mm 2.5 na nilizonazo ni za mm 5, nikazikunja miguu zikakaa kama kaa. Siku hizi naprinti karatasi kwanza, natoboa, naingiza vipuri humo, shaba baadae.

kaskazi_07
Na hio printa nayo muiangalie!! Yangu ilipunguza picha ili ienee kwenye karatasi, IC ya miguu 40 toka mguu wa kwanza hadi wa mwisho wa upande mmoja ni mm 48.26, yangu ikawa fupi karibu milimita mbili, ikagoma kuingia. Nikarudia kwa 1:1, safari hii nikajifanya mjanja nikaigeuza kama kioo. Usiigeuze jamani, shaba ya chini KiCad inaichora kama unaiona kwa kupitia juu, ukiipiga pasi karatasi juu ya shaba ili wino uhamie, inajigeuza yenyewe. Nlikuja kugundua bodi ishatoka kwenye feriki kloraidi, ile dawa ya kula shaba. IC zote nikazilehemu upande wa shaba, akiuliza mtu nasema ndo mtindo.

Fundi wa Langoni (Lamu)
😂😂 hio ya mtindo naiandika.

Mzee wa Multimita (Malindi)
Nyie mnalalamika hamkuiona KiCad toleo la 4. Ulikua unatoa netilisti (faili la vipuri na miguu gani inaungana), wapangia vipuri futiprinti kwenye dirisha jengine, wafungua bodi, waisoma netilisti, ukibadilisha rezista moja tu warudi mwanzo. Leo wabonyeza F8, bodi yafuata mchoro, imekwisha. Tukumbuke aliianza Mfaransa mmoja, Jean-Pierre Charras, 1992, na CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, wakaja kutia nguvu 2013, na hatulipi hata shilingi. Langu mimi ni video za kufundishia, nyingi ni za toleo la zamani, kijana aambiwa bonyeza kitufe ambacho hakipo tena, anadhani yeye ndo mjinga. Muandikie juu ya karatasi namba ya toleo alilonalo.

Mama Bodi (Malindi)
Na kudaunlodi afanye usiku kwenye wifi, ni giga moja na zaidi, bando litalia.
Alafu fundi, hilo neno futiprinti usimwandikie hivo. Mie hapa na wanangu twaita kikalio cha kipuri.

Fundi wa Langoni (Lamu)
Kikalio! Nishaliandika kwa kalamu nyekundu chini ya PWR_FLAG. Kijana aja baada ya alasiri.